Msitwambie Tufute: Barua ya Wazi kutoka Kibanda cha Fundi wa Simu, Mwembe Tayari

Kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa na Kamishna wa Kaunti; kwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma; kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya; kwa wabunge wetu sita wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, pamoja na Seneta na Mwakilishi wa Wanawake.

Waheshimiwa, salamu aleikum.

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko Mwembe Tayari, na nimeketi nyuma ya kabati lile lile la kioo tangu mwaka 2007, mwaka M-Pesa ilipoanza. Nimebadilisha vioo vilivyopasuka, soketi za chaji, betri zilizofura, spika zilizolowa maji ya chumvi pale kivukoni Likoni. Naandika kwa sababu ya kazi moja ninayoletewa ambayo simu yenyewe haina ubovu.

Huja msichana, saa kumi na moja jioni, sare ya shule bado mwilini, na mwenzake amesimama hatua mbili nyuma akijifanya anatazama kava. Naipokea simu, naikagua. Kioo kizima, chaji inaingia, laini inasoma. "Ina nini, mwanangu?" Anaangalia chini. "Niflashie, ami. Futa kila kitu."

Kwa miaka mingi sikuuliza zaidi ya hapo. Shilingi 300, robo saa, simu inarudi kama ilivyotoka dukani. Nilidhani ni ugomvi wa mapenzi ya shule, au mtoto ana jambo anamficha babake, na hayo hayakuwa yangu. Aliyenifundisha kuuliza ni mama mmoja, na habari yake nitaieleza nikiwa nimebadilisha mtaa na mambo mengine ili kumstiri yeye na bintiye.

Binti ana miaka 15. Laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mamake, kama zilivyo laini nyingi za watoto hapa mjini. Nambari yake iliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la marudio ya mitihani, kundi la watu zaidi ya 200, na humo hakuna aliyejua nani mwanafunzi na nani si mwanafunzi. Wiki hiyo hiyo zikaanza kumfikia picha za mwanamume mzima, za utupu wake mwenyewe, ambazo mtoto hakuziomba wala hakujua zinakuja mpaka zilipomfungukia usoni. Alizifuta. Akaifungia ile nambari. Kesho yake ikaja nambari nyingine na picha zile zile. Alipochoka kufuta moja moja akaja kwangu nimfutie zote kwa mpigo. Nikafuta. Nikapokea shilingi 300.

Haikupita hata miezi miwili. Yule mtu alitoka kwenye picha akaingia kwenye maneno, na kwenye maneno akafika mahali pa kumwambia binti anajua lango la shule yake na saa anayotoka. Hapo ndipo mtoto alipomwambia shangazi yake, na shangazi akamwambia mama. Mama akaichukua simu akaenda nayo kituo cha polisi. Akaulizwa, picha ziko wapi? Hazipo. Laini ni ya nani? Yake yeye mama. Akaandikiwa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, akaambiwa akipata ushahidi arudi. Kutoka pale alikuja kwangu moja kwa moja, ile nambari ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono. "Fundi, zirudishe."

Haziwezi kurudi. Zamani ningejaribu, maana simu za kale ukizifuta vitu hubaki chini kwa chini mpaka viandikiwe juu yake. Simu za siku hizi huweka kila kitu ndani kwa kukifunga na ufunguo wa siri. Ukiifuta simu yote, ufunguo ule nao hufa, na kinachobaki ni takataka ambayo hata aliyeiunda simu hawezi kuisoma. Nilimweleza hivyo. Nikafungua droo nikamtolea shilingi zake 300. Alizisukuma zikarudi upande wangu wa kioo, akaondoka bila kusema neno. Heri angenitukana.

Tangu siku ile naangalia kwa jicho jingine ushauri tunaowapa watoto wetu. Mtoto akimwambia mwalimu, mwalimu husema futa. Akimwambia ustadhi wa madrasa, futa, na uyainamishe macho. Mama husema futa kabla babako hajaona. Wapo hata maafisa wa polisi waliowaambia wateja wangu, si ufute tu, mbona unajisumbua? Mombasa nzima, kisiwani na bara, imekabidhi ulinzi wa watoto kwa kidole cha mtoto mwenyewe na kitufe kimoja. Na kitufe hicho, kila kikibonyezwa, humsafishia njia yule aliyetuma.

Neno hilo naelewa linakotoka. Sisi watu wa pwani tumelelewa na sitara. Kumstiri mwenzako ni ibada, na aibu ya mtoto wa jirani hufunikwa kama yako. Lakini tazameni hapa ni nani anayefunikwa. Mtoto hakufanya la aibu. Aliyefanya ni yule mtu mzima, na kila tunapofuta tunamfunika yeye kwa kanga yetu wenyewe. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na waliosema hivyo walikuwa watu wa haya kuliko sisi. Walijua kuna mlango mmoja ambao mtu hujifunua ndani yake ili asaidiwe, na mkunga aliye ndani ya mlango ule hamcheki.

Mlango huo ndio tusio nao.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye shida ambayo watu wa ofisini pengine hawaioni. Picha zinazowatesa vijana ni za aina mbili. Kuna zile ambazo mtu mzima amempelekea mtoto za mwili wake yeye. Na kuna zile za mtoto mwenyewe, zilizopigwa kwa hila, zilizoibwa kwenye simu, zilizoombwa na mpenzi kisha zikasambazwa, au siku hizi zilizotengenezwa kwa akili unde kutoka kwenye picha ya kawaida ya sikukuu, mtoto amevaa nguo zake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 24, ni kali sana kwa hizi za aina ya pili: faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Inazitaja hata picha zinazoonekana kama za mtoto halisi. Na inamkamata aliyetengeneza, aliyesambaza na aliye nazo tu. Ukali huo ni haki. Siombi hata siku moja upunguzwe.

Sasa fikirini mama ameshika simu yenye picha kama hiyo ya mwanawe. Akiifuta, ushahidi umekwenda. Asipoifuta, anacho kitu ambacho sheria inakataza kuwa nacho. Akimtumia ndugu yake amsaidie mawazo, amesambaza. Akiniletea mimi, na mimi nimo. Mwaka jana mama mmoja alikuja kibandani nimsaidie kutuma picha ya aina hiyo kwenye WhatsApp ya afisa aliyemwambia, itume nione. Sitamtaja afisa wala kituo chake. Nilikataa kutuma. Nikamwambia mama arudi na simu yenyewe, aifungue mbele ya afisa, asiitume popote. Mama aliniona mimi ndiye ninayemzuilia haki. Pengine yule afisa hakuwa na nia mbaya, alikosa tu njia nyingine ya kuipokea. Lakini picha ya mtoto yule ingekaa kwenye simu binafsi ya mtu mzima asiyemjua, pamoja na picha za harusi na za mpira, na ni nani angekuja kuifuta huko?

Sisi mafundi tuko maelfu Mombasa, tukiwajumlisha na wenye saiba. Simu zote za mji huu hupita mikononi mwetu. Hakuna aliyewahi kutwambia tukikuta kitu kama hicho ndani ya simu ya mteja tufanye nini. Wengi hufanya moja kati ya mawili: hunyamaza, au hufuta. Na wachache, naumia kusema, hunakili. Wako mafundi wanaofungua picha za wateja wakati simu iko mezani, na picha nyingine za wasichana wa mji huu zilitokea huko. Nasema haya dhidi ya watu wa kazi yangu kwa sababu yasiposemwa na sisi nani atayasema?

Mheshimiwa Gavana, kila mwaka nalipia leseni ya biashara kwa kaunti yako. Napewa karatasi, naibandika ukutani. Ombi langu kwako ni dogo kuliko yote katika barua hii: karatasi hiyo ije na ya pili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema fundi haruhusiwi kufungua picha za mteja, unaosema mtoto akija kufutiwa simu aulizwe kwa upole, unaosema nisifute, nisitume, nisinakili, na unaonipa nambari ya kupiga. Uwekwe mahali mteja auone. Anayevunja anyang'anywe leseni. Bajeti ya hilo ni wino na karatasi.

Kwenu wabunge, nina jambo la sheria. Nilisomewa na wakili mmoja ambaye huja kwangu kutengeneza simu, kisha nikakisoma mwenyewe. Kifungu cha 37 cha sheria ile ya 2018 kinamshika anayesambaza picha ya faragha au ya aibu ya mtu mwingine, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Yatazameni maneno hayo, ya mtu mwingine. Yule aliyempelekea binti wa miaka 15 picha ya mwili wake mwenyewe hajasambaza picha ya mtu mwingine. Ya kumshika yapo mengine: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa anayemwonyesha mtoto mambo machafu, lakini kwa kuthibitisha alikusudia kumwingiza mtoto katika vitendo vya ngono. Kifungu cha 27 cha sheria ile ya 2018 kinagusa usumbufu wa mtandaoni. Sheria ya Watoto ya 2022 imetaja dhuluma za mtandaoni waziwazi. Lakini kila moja ina mzigo wake wa kuthibitisha, na msichana akishafika miaka 18 nyingi katika hizo hazimfuniki tena. Dada wa chuo wa miaka 19 anayepokea picha hizo kila usiku akaseme nini kituoni?

Uingereza walikuwa na pengo kama hilo, wakaliziba. Tangu Januari 31, 2024, kumtumia mtu picha ya sehemu zako za siri kwa nia ya kumtia hofu, kumdhalilisha, au kujistarehesha mwenyewe bila kujali anavyoumia, ni kosa lenye jina lake. Haikupita hata miezi miwili mtu wa kwanza akahukumiwa kifungo cha wiki 66 katika mahakama ya Southend, na mmoja wa waliotumiwa picha zake alikuwa binti wa miaka 15. Umri ule ule wa mtoto wa barua hii. Sisemi tunakili sheria ya watu neno kwa neno. Nasema mstari mmoja unaoanza kwa "anayemtumia mtu picha ya utupu ambayo hakuiomba" ungeandikwa na nyinyi sita mkikaa asubuhi moja.

Na wewe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, toa tamko kwa lugha ya watu: mzazi, mwalimu au fundi anayeleta simu ili kushtaki hatashtakiwa kwa kuwa ameishika. Na mtoto aliyejipiga picha kwa kulazimishwa au kwa ujinga wa umri wake ahesabiwe aliyedhulumiwa. Watoto wanaogopa hilo kuliko mnavyojua. "Ami, na mimi si watanifunga?" Nimeulizwa swali hilo na mtoto ambaye miguu yake haikufika chini alipoketi kwenye stuli yangu.

Juu ya mlango niliousema. Mombasa si maskini wa milango. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo sisi huiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia walioumizwa kijinsia, na aliyeumizwa mwili anajua aende huko. Mahakama ya kwanza nchini ya kesi za dhuluma za kijinsia ilizinduliwa hapa kwetu Shanzu, Machi 2022, na Jaji Mkuu Martha Koome. Tononoka kuna mahakama ya watoto. Idara ya Upelelezi ina kitengo cha kupambana na usafirishaji wa watu na kulinda watoto, na kitengo hicho kina maafisa wake Mombasa. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na 1195 ya dhuluma za kijinsia vilevile. Vyote vipo. Lakini niliwauliza majirani zangu wa vibanda, muuza kava, mama wa viazi karai, wakala wa M-Pesa, kinyozi, kama wanajua mtoto aliyetumiwa picha chafu apelekwe wapi. Wote walisema kituo cha polisi kilicho karibu. Na kituo cha karibu ndicho kinachosema, umefuta? Basi rudi ukipata.

Tunachotaka ni chumba kimoja. Kiwe kwenye jengo ambalo mtu akionekana anaingia haulizwi, labda huko huko Makadara. Kiwe wazi baada ya saa za shule na Jumamosi. Awepo afisa wa kike na wa kiume, na mashine ya kuipokea picha kutoka kwenye simu bila kuituma kwa simu ya mtu yeyote, na mtu wa kuandika cheti kile cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa sababu kesi nyingine hufia hapo, ushahidi upo lakini haukuingia mahakamani kwa njia yake. Mtoto aweze kuja na mtu mzima yeyote anayemwamini. Hili la mwisho nalitilia mkazo. Laini ni ya mama, kwa hiyo kila njia ya sasa inapita kwa mama, na wako watoto ambao mama ndiye wa mwisho wanayeweza kumwambia. Yule binti alianza kwa shangazi. Kama angeweza kwenda na shangazi wiki ya kwanza, zile picha bado zilikuwako.

Kwenu Mamlaka ya Mawasiliano, nianze kwa kukiri. Mtu akinunua simu, huja kwangu nimfungulie akaunti ya Google. Mtoto wa miaka 11 mfumo unamkatalia hiyo akaunti ya kawaida. Mzazi ana haraka, gari linamsubiri, ananiambia weka mwaka wowote. Nimeandika 1990 mara nyingi kiasi kwamba vidole huandika vyenyewe. Sasa nimeacha, nafungua akaunti ya mtoto chini ya ile ya mzazi ingawa huchukua muda mrefu zaidi. Nawaeleza haya kwa sababu kinga nyingi mnazoambiwa na kampuni kubwa kwamba zipo, zinategemea mwaka ule niliouandika. Instagram ilitangaza mwaka 2024 kwamba itatia ukungu picha za utupu zinazoingia kwenye ujumbe wa aliye chini ya miaka 18, bila yeye kuomba. Apple walikuwa na kinga ya namna hiyo kwa watoto tangu mwishoni mwa 2021. Kazi nzuri. Lakini mtoto wa Bombolulu ana simu ya mitumba iliyokuwa ya kakake, akaunti ni ya mamake, na kwa macho ya programu yeye ni mwanamke wa miaka 36. Ukungu haumpati.

Kuna pia jambo la mpangilio wa kawaida. WhatsApp ikiwekwa tu, huteremsha picha zenyewe na kuziweka kwenye hifadhi ya picha za simu, na mtu yeyote mwenye nambari yako anaweza kukuingiza kundini mpaka uende ndani ya mipangilio ukakataze. Kubadilisha hayo mawili ni kazi ya dakika mbili, mimi sasa namfanyia bure kila mzazi anayekuja na simu ya mtoto. Lakini dakika zangu mbili zinamfikia nani zaidi ya wapitao Mwembe Tayari? Mnazo nguvu za kuwaambia wauzaji na kampuni za simu kwamba simu ya mtoto itoke dukani ikiwa tayari imefungwa hivyo. Mlitoa miongozo ya kuwalinda watoto mtandaoni mwezi Aprili 2025, mkazipa kampuni miezi sita zijipange. Miezi hiyo imekwisha. Tuandikieni kwa majina, kampuni gani imetimiza na gani bado. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipoipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 mwezi Septemba 2023 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, walimu wa hapa Mombasa walipigiana simu siku hiyo hiyo. Faini moja yenye jina huenda mbali kuliko warsha kumi.

Juu ya wavulana nitasema machache kwa kuwa wao husema machache. Wao mara nyingi hunaswa na "msichana" asiyekuwapo, anayemtongoza, akapata video, kisha akageuka, lipa au naipeleka kwa babako. Kijana mmoja aliniuzia simu yake kwa bei ya kutupa ili alipe kwa M-Pesa. Alilipa, akaombwa tena. Chumba tunachokiomba kiwe chao pia, na bango lake liwe na picha ya mvulana.

Najua kuna atakayeisoma barua hii aone mwanya wa kutaka serikali iwe inachungulia jumbe za watu. Mimi silitaki hilo. Nimeziona simu za watu wa mji huu zikiwa wazi mbele yangu kwa miaka mingi, na naijua thamani ya kufunga. Ninachoomba kinaanza pale mwenye simu anapoileta mwenyewe kwa miguu yake.

Na msidhani ni visa vya kibanda kimoja. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka 2021 juu ya Kenya ulikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kati ya hao, asilimia 5 hadi 13 walikuwa wamepatwa na dhuluma za wazi za kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Nyaya kubwa za baharini zilizoleta intaneti ya kasi Kenya zilitua kwenye fukwe zetu mwaka 2009. Mji huu uliipokea kabla ya Nairobi. Miaka yote hiyo imepita na bado hatujawaambia watoto wakimbilie wapi.

Nina simu kwenye droo ninapoandika. Ni ya binti mwingine, wa miaka 14. Alikuja Jumatano kutaka nifute. Nilimuuliza, akalia, akaniruhusu nimpigie mamake. Ndani hamna picha ya mtoto, kuna picha alizopelekewa na mtu mzima kwa nambari nne tofauti, na tarehe na saa zake zote zipo. Sijazifungua zaidi ya ile aliyonionyesha yeye. Nimeizima intaneti ya simu ili mtumaji asije akazifuta kutoka upande wake, maana hilo nalo huwezekana. Mama amekwenda kituo kimoja, akaelekezwa cha pili, na cha pili kikamwambia arudi wiki ijayo.

Tutakwenda Jumatatu saa tatu asubuhi, mama, binti, na mimi nimefunga kibanda. Tutaanza kwa kile kitengo cha kulinda watoto cha Idara ya Upelelezi. Simu itakuwa na chaji, na haijafutwa.

Wenu kwa heshima,
Fundi wa simu,
Mwembe Tayari, Mombasa